Krisanthemu ndefu na za kuning'inia: mmeuliza, nimejibu

Maswali ya krisanthemu yamekuwa mengi, mengine yanafanana kabisa, kwa hiyo nimeyaunganisha na majina nimeyaacha pembeni.

Nilipanda krisanthemu nikitegemea ipande juu, imefika magotini tu ikaanza kutoa maua. Udongo wangu una shida?

Udongo hauna kosa dada yangu, tatizo ni usiku. Krisanthemu inapima urefu wa giza, usiku ukiwa mrefu inaacha kurefuka inaanza kutengeneza vitumba, usiku ukiwa mfupi inaendelea kupanda tu. Ndo maana walio mbali na ikweta wanapata ndefu kirahisi, kiangazi chao mchana ni mrefu mno, mmea unarefuka miezi na miezi, mpaka vuli giza likiongezeka ndo unachanua. Ukiwa karibu na ikweta mchana na usiku vinagawana kama masaa 12 kwa 12 mwaka mzima, na hilo giza kwa aina nyingi linatosha kabisa kuleta maua, basi mche mdogo unachanua kabla haujakua. Cha kufanya ni kuukata usiku katikati, washa taa juu ya mimea tuseme saa nne usiku mpaka saa nane, kila siku bila kuruka, hivo hivo wanavofanya wakulima wa maua ya kuuza, ikifika kimo unachotaka unazima. Toka siku umezima hesabu kama wiki 7 hadi 10 ndo maua yachanue, inategemea na aina. Taa ya kawaida ya nyumbani inafaa, ila imulike majani yenyewe sio ukuta.

Yangu ni kinyume, imenona, ndefu, kijani safi, ila maua hakuna. Iko barazani.

Na barazani kuna taa inayowaka usiku kucha, au sio? Basi hiyo hiyo. Ihamishe pahali penye giza la kweli. Kama haihamishiki, ifunike na kitambaa kizito cheusi kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa moja asubuhi, kila siku, mpaka vitumba vianze kuonyesha rangi. Ukifunika leo ukasahau kesho utasubiri sana.

Nataka zile zinazoning'inia kama pazia. Naanzaje?

Hapa tukae kidogo maana watu wengi wanakosea mwanzoni kabisa, wanachukua krisanthemu yoyote wakidhani itajilaza yenyewe. Haitajilaza. Tafuta aina ya maua madogo madogo yenye mashina membamba yanayopindika, yale ya ua moja kubwa shina lake ni gumu utalivunja tu. Wajapani ndo mabingwa wa hii kazi, mtindo wenyewe wanauita kengai, na mmea mmoja unaweza kushuka mita 1 na nusu au zaidi.

Chagua shina moja lenye nguvu liwe kuu, hilo ncha yake usiiguse. Chomeka waya mgumu au ufito wa mwanzi kwenye chungu, uulaze nusu nusu, usisimame wima na usilale chini, uwe kati hapo, alafu shina kuu ulifungie humo kadiri linavyorefuka, kila baada ya vidole vichache weka kamba laini. Matawi ya pembeni ndo yanakatwa ncha, kila tawi likitoa majani mawili matatu unachuna, yakichipua tena unachuna tena, huo ndo ujazo wenyewe wa pazia. Chuna kwa kucha. Bana ncha kati ya kidole gumba na cha shahada, ikikatika kwa mlio mdogo "tak" uko sawa, ikivutika na kubaki na nyuzi hapo pameshakomaa, panda juu kidogo utafute sehemu laini.

Na kama unatumia taa, kuchuna kunaisha kabla haujaizima, ukiendelea baada ya hapo unachuna maua yako mwenyewe.

Kushusha sasa. Vitumba vikianza kuonekana weka chungu juu ya kitu kirefu, hakikisha ni kizito au kimefungwa maana kitapinduka, alafu kila siku mbili tatu shusha waya kidogo tu. Fanya alasiri, siku ambayo asubuhi haujamwagilia, shina linakuwa limelegea kidogo. Asubuhi limejaa maji, linakatika kama chaki. Ukimaliza kushusha, mpe maji.

Nimepinda likapasuka!!

Kama limepasuka upande mmoja tu na bado limeshikana, lirudishe taratibu, weka kijiti pembeni, zungushia utepe, usiliguse tena mpaka maua yaishe. Majani ya mbele yakinyauka siku ya pili na hayanyanyuki, kata, lea tawi lililo karibu liwe shina kuu.

Ndefu za kusimama, nataka ua moja kubwa juu. Mbona yangu inatoa mengi madogo?

Kwanza iwe aina ya maua makubwa, nyingine hata uzibembeleze vipi hazikui. Acha shina moja, toa machipukizi yote ya pembeni, na vitumba vikitokea bakiza cha katikati tu, vya kukizunguka viondoe vikiwa bado vidogo sana. Unaviviringisha kwa kidole pembeni vinadondoka, ukingoja vikue utaacha kovu. Ukitaka shada la maua mengi yachanue pamoja fanya kinyume, toa kile cha katikati. Na fimbo ya kuegemeza ichomeke siku ya kupanda, baadaye utatoboa mizizi, kamba ipite kwa mtindo wa namba nane isilikabe shina.

Majani ya chini yanakauka.

Maji mengi, au majani kulowana usiku. Mwagilia shinani, asubuhi. Ukigeuza jani ukakuta vidonge vyeupe au vya pinki iliyofifia, hiyo ni kutu nyeupe, ugonjwa wa ukungu, toa majani hayo uchome, usiyatupe kwenye mboji.

Si ndugu wa pareto hii? Mbona wadudu wanaijaa?

Ni ndugu kweli, wataalamu waliwahi kuviweka kwenye jenasi moja, yaani kundi moja la mimea ya karibu, ila sumu ya kuua wadudu ya kutosha iko kwenye maua ya pareto. Hii yako vidukari wanaipenda sana, angalia shingoni mwa vitumba, ukiona vijingozi vyeupe vimenata hapo ujue wapo. Wapige na maji kwa nguvu au maji ya sabuni laini, jioni. Mbwa na paka lakini wasiitafune, inawaumiza.

Maua yakiisha naitupa?

Hapana. Kata mashina yabaki kama sentimita 10 au 15, ngoja machipukizi yatoke chini kwenye udongo, hayo ndo ya kuchukua, sio yale ya juu kwenye shina lililochanua. Kata sentimita 5 mpaka 8, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, wiki mbili tatu mizizi imetoka. Chomeka zaidi ya unazohitaji, zingine zitaoza tu hata ufanyeje.