Kuhusu mlango wako, mwanangu

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka. Huku sote wazima. Mguu wa baba yako umepungua kuuma, jana alitembea mwenyewe mpaka gatini akarudi. Salamu za mkwe wangu na za wajukuu zimefika, nasi tunawasalimu sana.

Ile sauti uliyonitumia Jumapili niliisikiliza mara mbili. Ulisema umehesabu viatu vilivyolala mlangoni kwako hapo Buhongwa ukapata jozi 23, na ninyi mko watano tu. Helmeti ya mume wako inakaa kwenye kochi, mabegi ya shule yako chini, ndoo mbili ziko nyuma ya mlango, na kila asubuhi mnachelewa mkitafuta funguo. Ukaniuliza, "Mama, Kirumba tulikuwa watu tisa kwenye vyumba vitatu, mbona mlangoni palikuwa panapitika? Ulifanyaje?" Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ungenisikiliza nusu huku mboga inaungua. Kaka yako mkubwa anavuka na meli kesho, atakuletea.

Kwanza ujue kwamba hapakuwa hivyo tangu mwanzo. Wewe kitinda mimba ulipoanza kupata kumbukumbu ulikuta mambo yamekwisha kutulia.

Baba yako alikuwa anavua dagaa, unajua. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wanaifuata taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti tena, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo mlango wetu ulikuwa unakwenda na mwezi. Wakati wa giza yeye yuko kambini kisiwani, nyumbani tunapita vizuri. Mwezi ukikaribia kujaa anarudi na mali yake yote: karabai mbili, galoni la mafuta ya taa, gambuti, koti la mvua, nyavu za kushona, na gunia la dagaa wa kula nyumbani. Vyote hivyo anavitua hatua mbili kutoka kizingitini, pale mkono unapochoka. Juu yake ninyi mnatupa mabegi, mjomba wako anaegesha jembe, bibi yako anaweka kapu lake la tumbaku. Mimi nilikuwa nagomba. Nikigomba vinaondoka, kesho vimerudi palepale.

Ukafika mwaka wa mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998. Mvua haikukatika. Maji yalikuwa yanashuka mlimani na mchanga, yanapita kwenye ngazi yetu, na kila aliyeingia aliingia na tope. Kila mtu akawa anavulia viatu ndani ili visilowe, rundo likafika magotini. Usiku mmoja, saa nane hivi, kaka yako wa pili alishikwa na homa kali, mwili ukaanza kukakamaa. Degedege. Baba yako yuko kambini. Nikambeba, mjomba wako akakimbilia mlango, kufuli limefungwa kwa ndani na ufunguo hauonekani. Tuliutafuta kwa kibatari kwenye lile rundo, tunatupa kiatu kimoja kimoja, mtoto mikononi mwangu anatetemeka. Ulipatikana ndani ya gambuti. Ulikuwa umedondoka kutoka kwenye meza ndogo, nani angefikiri? Mungu alitusaidia, tulifika hospitali na mtoto akapona. Lakini zile dakika za kupekua viatu mpaka leo nikizikumbuka natokwa jasho. Ndiyo maana swali lako sikulichukulia kama jambo dogo la usafi wa nyumba.

Baada ya hapo sikugomba tena. Nilichukua kigoda nikakaa ukumbini jioni tatu mfululizo, nachambua mchele, naangalia. Sikumwambia mtu. Niliona kila mmoja wenu ana mahali pake pa kuachia kitu, na hapo hapahami. Kaka yako mkubwa alikuwa anaingia, anageukia kushoto, begi linaanguka chini ya dirisha. Kila siku chini ya dirisha. Dada yako anavua viatu akiwa ameshika fremu ya mlango, kwa hiyo vinabaki mlangoni kabisa, kimoja ndani kimoja nje. Wewe ulikuwa unatembea na kisweta chako mpaka kwenye miguu ya bibi ndipo unakiacha. Mimi nilikuwa nimeweka kabati la viatu chumbani, zuri, lina milango, na hakuna aliyelitumia kwa sababu lilikuwa hatua kumi mbele ya pale mikono yenu inapoachia.

Basi mwanangu, kabla ya kwenda mjini kununua rafu ya viatu, kaa jioni tatu uangalie. Usiwarekebishe, usiseme neno. Ukishajua kila mtu anaachia wapi, weka mahali pa kitu hapohapo. Mume wako nadhani anavua helmeti akiwa amesimama karibu na kochi kwa sababu huko ndiko anakokaa kuvua soksi. Usimpigie kelele aipeleke mlangoni. Mwekee msumari ukutani, juu ya kochi, usawa wa bega lake. Mwanamume akishatoka barabarani na vumbi la siku nzima, hatatembea kurudi nyuma kutundika kofia, na wala si dharau.

Nilichokifanya Kirumba ni mbao mbili. Zilibaki mtumbwi wa baba yako ulipotengenezwa. Moja niliipigilia juu, wima wa mtu mzima, misumari minne: yangu, ya baba yako, ya bibi, ya mjomba. Ya pili, ya kwenu watoto, fundi alitaka kuipigilia sawasawa nikamkatalia. Nilimwambia aiweke mshazari, ipande kama njia ya mlimani. Nikawasimamisha mmoja mmoja, nikasema inua mkono bila kuchuchumia. Pale vidole vilipofika nikaweka alama ya mkaa, nikashusha upana wa kiganja kimoja, hapo ndipo msumari ukaingia. Ule wa kiganja kimoja chini una sababu. Mtoto akilazimika kuchuchumia anatundika mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu anatupa chini. Na misumari isiwe midogo. Begi lenye madaftari linautoa msumari wa inchi mbili kwa wiki moja. Tumia wa inchi nne, uupigilie kichwa chake kikielekea juu kidogo.

Najua utasema mwenye nyumba wenu hataki misumari ukutani. Mwambie fundi seremala aupigilie ubao miguu miwili, usimame wenyewe na kuegemea ukuta, na chini aweke ubao wa kuukanyagia ili usianguke na mabegi. Mkihama mnahama nao.

Viatu ndivyo vigumu zaidi. Sheria yangu ilikuwa jozi mbili kwa kila mtu mlangoni: cha kutokea cha siku hiyo, na ndala. Kwenu ninyi watano hizo ni jozi 10, maana yake 13 zitafute kwao. Viatu vya kanisani, raba za michezo, vile ulivyonunua sokoni Mlango Mmoja kwa sababu vilikuwa bei nafuu na vinakubana kidole, vyote viende chini ya kitanda ndani ya boksi. Vinavyobana mpe mtu. Usiviweke eti vitalegea.

Halafu weka kreti mbili za soda, zile za plastiki, zikalala kwa ubavu. Hewa inapita, maji yanachuja, na kreti zenyewe zinaoshwa kwa ndoo moja. Kabati lenye milango kwa viatu vyenye unyevu linanuka baada ya siku nne, na hapa kwetu mvua inaweza kukukuta mchana wa jua kali. Viatu vya kuacha nje barazani wafundishe watoto kuvigonga kabla ya kuvaa. Nyumba zenu ziko karibu na mawe, na nge anapenda mahali penye giza na joto kama kiatu.

Tope nalo lizuie kabla halijafika mlangoni. Nunua kokoto ndoo nne tano kwa wale kina mama wanaogonga mawe huko milimani, umwage mbele ya ngazi, upana wa hatua mbili. Mtu akikanyaga kokoto hatua mbili soli inajisafisha nusu. Kwenye ngazi weka gunia la katani lililokunjwa mara mbili. Likichafuka lipige kwenye jiwe, lianike. Mimi nilikuwa na magunia mawili yanapokezana.

Kuhusu upana wa njia, sikupima kwa futi. Nilimpa dada yako ndoo ya lita 20 iliyojaa nikamwambia ingia. Kila alichogusa na ndoo kiliondoka. Alipopita bila kugusa kitu na bila kuinamisha bega, nikajua njia imetosha. Fanya hivyo kwako, halafu hizo ndoo mbili zitoe nyuma ya mlango. Mlango lazima ufunguke mpaka ugonge ukuta. Hili nakuomba kama mama yako, usilifanyie mzaha. Kama maji yanawakatikia na mnataka ndoo zikae zimejaa, ziwe jikoni, na zifunikwe, maana maji yaliyokaa wazi hayamalizi wiki mbili hayajatoa mbu. Hata kopo la kuwekea miavuli liangalie: toboa matundu chini.

Funguo na kadi za kliniki ndizo nilizozipa heshima kuliko vyote. Funguo zilikaa kwenye msumari wangu, wa juu, ambao hakuna mtoto aliyefika. Chini ya hapo nilitundika kimfuko cha kitambaa chenye kadi zenu za kliniki na hela kidogo ya gari ya usiku. Siku hizi ungeweka na kadi za bima. Kwa nyumba yenye watoto watatu, mfuko huo usitolewe kitu hata mkikwama na nauli ya asubuhi.

Karatasi sina mengi ya kusema. Barua za shule soma siku hiyohiyo, uzipeleke chumbani. Karatasi ikilala mezani karibu na mlango inaita nyingine.

Na taa ya mlangoni izimeni mapema zile siku ambazo wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi. Wakishavutwa na taa mtawazoa kwa koleo kizingitini asubuhi, na harufu yake unaijua.

Usitegemee itakaa sawa ndani ya wiki. Kwetu ilichukua mizunguko mitatu ya mwezi. Mzunguko wa kwanza baba yako aliporudi alitua karabai palepale pa zamani, ubao upo mbele yake. Sikusema. Nilizichukua mimi nikazipeleka kwenye rafu niliyomtengenezea nje, nyuma ya jiko, mbali na moto. Mzunguko wa pili akaweka moja palepale na moja kwenye rafu. Wa tatu alizipeleka zote mwenyewe, akaja ukumbini akauliza gambuti zinakaa wapi. Nililia kidogo siku hiyo, nilienda kulilia uani.

Sasa, kaka yako atakuja na mzigo mrefu umefungwa kwa khanga yangu ya zamani. Ni ule ubao wa mshazari. Tulipohama Kirumba baba yako aliung'oa, hakutaka kuuacha. Misumari imetolewa kwa sababu ya kutu, utaweka mipya. Kabla hujatoboa wasimamishe wajukuu wangu, wainue mikono bila kuchuchumia, na unipimie kwa uzi unitumie nione walivyokua. Matundu ya zamani yako matano, usiyazibe. Lile la chini kabisa, lenye doa la mkaa ambalo halikufutika, lilikuwa lako.

Mama yako