Ukitaka kuishi kwa majarida ya kitaalamu, anza na muswada

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii ya kutengeneza na kutunza tovuti za majarida huanza na swali la lugha ya programu: wajifunze ipi? Jibu langu fupi ni PHP, na sababu naitoa sasa hivi. Ila swali lenyewe liko pembeni ya kazi. Nimetunza tovuti za majarida ya kitaaluma, miongozo ya kiufundi na ripoti za utafiti hapa Dar es Salaam kwa muda mrefu, na niliowaona wakidumu si wale hodari zaidi wa kuandika programu. Ni wale wanaosoma wanachokipandisha.

PHP kwa sababu majarida mengi ya vyuo hutumia Open Journal Systems, maarufu kama OJS. Ni programu huria kutoka Public Knowledge Project, mradi ulioanzishwa Kanada mwaka 1998 na John Willinsky. Imeandikwa kwa PHP, na data zake hukaa kwenye hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL. Ipakue bure, iweke kwenye laptopu yako. Jifanye mwandishi utume makala, kisha geuka mhariri, ujipangie wasomaji wa kuitathmini, ujikatalie. Ukimaliza mzunguko huo utakuwa umeelewa safari ya makala kuliko fundi ambaye kazi yake iliishia kwenye kubadilisha rangi za ukurasa wa mbele.

Sasa muswada. Chukua makala ya mifugo iliyoandikwa kwa Kiswahili. Mwandishi ameandika ng’ombe kwenye Word, na Word ikaipinda ile ritifaa, yaani alama iliyo baada ya ng, bila kumwuliza. Msomaji naye anatafuta kwa simu, anaandika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka. Tovuti inamjibu kwamba hakuna kitu. Kwa macho yako hilo ni neno moja. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, kila moja na namba yake, U+2019 na U+0027, na wapo waandishi wanaotumia hata alama ya kufungulia nukuu, U+2018. Matokeo yake ni jarida ambalo nusu ya makala zake hazionekani kwa mtu anayezitafuta kwa jina sahihi. Dawa ni mistari michache tu: kabla ya kuingiza maneno kwenye faharasa ya utafutaji, badilisha alama zote tatu ziwe moja, na fanya hivyohivyo kwa kile anachokiandika msomaji. Lakini dawa hiyo haitakujia kichwani kama husomi maandishi. Na wageni waliotengeneza mfumo hawana sababu ya kukuwazia ng'ambo, ng'aa na ming'oko.

Jambo la pili ni sifa ya lang, ile inayotangaza ndani ya msimbo wa ukurasa kwamba umeandikwa kwa lugha gani. Kurasa nyingi za Kiswahili bado zimetangazwa kuwa za Kiingereza, kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo na hakuna aliyegusa. Msomaji asiyeona anayetegemea programu ya kumsomea kwa sauti atasomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Jaribu kusikiliza aya moja tu uone adhabu yake. Kurekebisha ni kuandika sw mahali palipoandikwa en, na kama muhtasari uko kwa Kiingereza, aya hiyo peke yake ndiyo ibaki na en.

Majedwali na fomula ndiko wengi wanakokimbia. Mhandisi anakuletea mwongozo wenye jedwali la safu kumi na mbili, nawe unalipiga picha na kulibandika. Kwenye simu halisomeki, haliwezi kunakiliwa, na namba moja ikibadilika inabidi upige picha upya. Andika jedwali kama jedwali. Fomula ziandikwe kwa MathML au LaTeX, lugha za kuandikia hesabu kwenye kompyuta, usizigeuze picha. Kuhusu PDF za kurasa zilizoskaniwa nina hasira zangu: mwanafunzi anakula megabaiti kadhaa za bando ili apate kurasa nane ambazo hawezi kutafuta neno ndani yake. Hiyo si huduma, hata kama faili linafunguka.

Kazi ya pili kwa uzito, na ambayo hakuna atakayekupongeza kwa kuifanya, ni kulinda anwani. Mkurugenzi mpya akiingia anataka tovuti mpya. Sawa, mpe. Lakini makala zilizotajwa kwenye tasnifu na ripoti za watu zina anwani za zamani, na hizo lazima ziendelee kufika. Kabla ya kuhama, toa orodha ya kurasa zote zilizopo, kisha elekeza kila moja kwenye makao yake mapya kwa msimbo wa 301, unaokiambia kivinjari kwamba ukurasa umehama moja kwa moja. Usielekeze zote ukurasa wa mwanzo. Huko ni kumpeleka mgeni getini na kumwacha.

Kwa majarida, ongeza DOI. Ni ile namba inayoanza na 10, ambayo makala hubaki nayo hata tovuti ikihama, mradi mchapishaji aandikishe anwani mpya. Wahariri wengi wanadhani ni anasa ya majarida makubwa kwa sababu ya ada. Waambie hivi: tangu Januari 2023 Crossref, shirika linaloandikisha DOI, ina mpango uitwao GEM, unaozisamehe ada taasisi za nchi zenye kipato kidogo, na Tanzania imo. Nimeona mwenyekiti wa bodi ya uhariri akibadilika sura kikaoni kwa habari hiyo moja.

Jina la tovuti nalo liandikishwe kwa taasisi, kwa baruapepe ya ofisi, lisiwe lako. Kuna taasisi moja hapa mjini iliyomwachia kijana aandikishe kila kitu kwa baruapepe yake binafsi. Kijana akapata kazi nje, taarifa za kulipia zikawa zinamfuata huko, na jina likaisha muda. Nililetewa kesi hiyo jarida likiwa limeshatoweka hewani, na mhariri wake, mama mtu mzima, ananiuliza, “Mwanangu, kwani makala zimekwenda wapi?” Zilikuwepo kwenye seva, ila mlango ndio haukuwepo. Wewe usije ukawa yule kijana, hata kama wenye ofisi ndio wanaokusukumia kwa sababu hakuna anayetaka kujaza fomu.

Weka nakala kamili ya kazi kwenye mashine yako, na mabadiliko yatunze kwa Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba nchi nzima. Aliyekuwa na nakala kwenye laptopu aliendelea kusahihisha tanbihi zake. Aliyezoea kufanyia kila kitu moja kwa moja kwenye seva alikaa anatazama kiduara kikizunguka.

Kuhusu fedha, jifunze kalenda kabla ya kujifunza bei. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa 30 Juni. Kati ya Aprili na Juni utapigiwa simu na watu wenye bajeti inayotaka kutumika, wote wana haraka, wote wanataka ankara leo. Julai na Agosti kimya, kifungu hakijafunguliwa. Kama ada ya jina la tovuti au ya seva inaangukia Julai, washauri walipie miaka miwili kwa pamoja mwezi wa Mei, la sivyo utalipa kwa mfuko wako ukisubiri. Tenganisha pia mkataba wa kutengeneza na wa kutunza. Wateja hupenda kulipia uzinduzi, wenye keki na picha. Matunzo hawayaoni, kwa hiyo yaandike kwa vitu wanavyoweza kuhesabu: nakala ya akiba kila wiki, kusasisha OJS, kuandikisha DOI za kila toleo, kukagua viungo vilivyokufa.

Pa kuanzia? Usisubiri tangazo la kazi, maana nafasi hii mara nyingi haina hata jina kwenye muundo wa utumishi. Majarida mengi ya idara huendeshwa na wahadhiri wanaoifanya kazi hiyo baada ya vipindi, bila fundi. Nenda vyuoni, Mlimani, Muhimbili au Ardhi, umwone mhariri wa jarida lenye fani unayoielewa kidogo. Mwamkie, mwombe makala moja ya zamani iliyoskaniwa, mwambie humwombi fedha. Rudi baada ya wiki na makala hiyo ikiwa ukurasa wa kawaida wa tovuti (HTML), majedwali yake yanasomeka, rejea zake zinabonyezeka. Usimfungulie laptopu yako. Mtumie linki, aifungue kwenye simu yake, kwa bando lake mwenyewe.