Ubuntu ndani ya Windows: nichague programu ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu ya mpakato ina Windows 11 Home na RAM ya GB 8, nami nataka kujifunza mfumo endeshi wa Ubuntu bila kuifuta Windows. Kati ya Hyper-V, VMware na VirtualBox, nichague ipi? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Hyper-V iweke kando, kwa sababu Microsoft haiitoi katika toleo la Home. Kwako napendekeza VirtualBox ya Oracle, ambayo programu yake ya msingi ni huria na ya bure, na ambayo hukuwezesha kuhifadhi hali ya kompyuta pepe (yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya Windows) ili ukiharibu kitu wakati wa kujifunza urudi pale ulipokuwa. VMware Workstation Pro nayo haina malipo kwa watumiaji wote tangu Novemba 2024, lakini ili kuipakua hulazimika kujisajili kwanza kwa Broadcom, kampuni inayoimiliki VMware.

Hata hivyo, kikwazo chako kikubwa ni RAM, kwani Windows na Ubuntu zitaigawana kwa wakati mmoja. Ipe Ubuntu GB 4, usizidishe, na ufunge kivinjari cha Windows unapoitumia. Ikiendelea kukwama, jaribu Xubuntu, aina ya Ubuntu iliyo nyepesi zaidi.

Kabla ya yote, fungua Task Manager, uingie Performance na ubofye CPU. Mstari wa Virtualization ukisomeka Disabled, washa kompyuta upya, uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) na uruhusu uwezo wa prosesa wa kuendesha kompyuta pepe, uitwao Intel VT-x, au SVM ikiwa prosesa ni ya AMD. Bila hatua hiyo, Ubuntu ya biti 64 haitawaka.