Watoto hugoma kuacha mchezo

SWALI: Mhariri, ninafundisha PP1 (mwaka wa kwanza wa elimu ya awali) katika Kaunti ya Kilifi, darasa la watoto 38. Kila ninapowaita kutoka uwanjani waje kunawa mikono na kunywa uji, wengine hulia na wengine hukimbia. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, mtoto wa miaka 4 bado hajui dakika 5 ni muda gani, kwa hiyo kumwita ghafla ni sawa na kumpokonya mchezo mkononi. Tanguliza ishara ile ile kila siku, iwe kayamba au wimbo mfupi, kisha umwache amalize alichoanza, hata kama ni kujaza kopo lake mchanga tu, ndipo aje. Hata hivyo, nashuku kwamba tatizo lako kubwa ni foleni, kwa maana watoto 38 wakingojea mfereji mmoja, walio nyuma hawakosi kusukumana (nasi watu wazima tungesukumana). Waite wachache wachache, kwanza wanaokaa mkeka wa dirishani, huku waliobaki wakiimba. Picha za mpira, mfereji, kikombe na kitabu, zikibandikwa ukutani kwa mfuatano, zitawaonyesha kinachofuata. Anayelia sana mkabidhi kazi ya kubeba vikombe.