Kabla ya kununua mashine ya kuchanja kuni, pima magogo yako

Nimesimamia yadi ya kuni ya kiwanda cha chai huku milimani Murang'a kwa miaka kumi na moja. Kila msimu huja watu wawili watatu na swali lilelile: ninunue mashine ya tani ngapi? Wengine ni vijana waliopata zabuni ya kupeleka kuni kiwandani, wengine ni wasimamizi wa shule za bweni waliochoka kulipa watu wa shoka. Wote huanza na tani, yaani nguvu ya kusukuma, kwa sababu ndiyo namba iliyochorwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa mashine. Mimi pia nilianzia hapo, na nitaeleza ilitufikisha wapi.

Ukinijia leo, swali langu kwako ni hili: magogo yako yana urefu gani, unene gani, na yalikatwa lini?

Hilo la mwisho ndilo watu hulipuuza. Kuni zetu karibu zote ni mkaratusi, au blugamu kama wengi tunavyouita. Mkaratusi mbichi huachia vizuri: kabari ikishaingia kidogo unasikia mlio, gogo linafunguka lenyewe kabla chuma hakijafika katikati. Uache mti huohuo juani miezi mitatu ukiwa mzima, nyuzi zake zilizosokotana zinakaza, na kabari inang'ang'aniwa hadi injini inalia. Nimeona mashine ya tani 16 ikichanja mzigo mzima wa mkaratusi wa wiki ile bila shida, na ya tani 25 ikisimama juu ya gogo kavu lenye panda. Kwa hiyo kabla ya kulipia tani za ziada, tazama kama huwezi kupanga uchanjaji wako ufuate ukataji. Hilo halina gharama.

Tena kuchanja mapema kuna faida nyingine, ambayo hasa ndiyo sababu ya kuwa na mashine. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya kuni za namna hiyo hutoa kama megajuli 8 za joto; zikikauka hadi asilimia 20 ya maji, kilo hiyohiyo hutoa zaidi ya 14. Gogo zima lililofunikwa na ganda hutoa maji kwa uchoyo mkubwa. Likipasuliwa, upepo unapata njia. Boila ikipewa kuni mbichi, sehemu ya moto inatumika kuchemsha maji ya mti badala ya maji ya boila, na majani ya chai yanasubiri kukaushwa.

Sasa turudi kwenye tani. Mashine yetu ya kwanza ilikuwa ya tani 24, na tuliinunua kwa fahari. Nguvu ya silinda, yaani bomba la chuma ambamo mafuta yanayotoka kwenye pampu huisukuma pistoni, ni eneo la pistoni mara presha ya mafuta hayo. Pistoni yetu ilikuwa na kipenyo cha milimita 125, yaani eneo la sentimita za mraba 123 hivi. Presha ikiwa kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba, hesabu inakupa tani 24 na nusu. Pistoni ya milimita 100 ina sentimita za mraba 78.5, na kwa presha hiyohiyo inakupa karibu tani 16. Fanya hesabu hii mwenyewe mbele ya muuzaji, ukiwa na futi ya kupimia. Silinda ya milimita 100 iliyoandikwa tani 25 ingehitaji presha ya kilo 320, na pampu na mipira (mabomba ya kupitisha mafuta) ya bei ya kawaida haikutengenezwa kwa presha hiyo.

Jambo ambalo hatukulihesabu ni muda. Silinda kubwa hunywa mafuta mengi. Boila yetu inataka kuni za mita 1, kwa hiyo pistoni lazima iweze kusafiri karibu mita nzima. Silinda ya 125 kwa safari hiyo inahitaji lita 12.3 za mafuta. Ya 100 inahitaji lita 7.9. Pampu tuliyouziwa ilitoa lita 20 kwa dakika. Maana yake sekunde 37 kwenda na kama 31 kurudi, dakika nzima na ushee kwa pigo moja, na gogo nene linataka mapigo manne au matano. Watu wanne wanalipwa kusimama wakitazama chuma kinatembea.

Na hapo ndipo tulipoumizwa. Mashine ya polepole inawafundisha watu kuizoea. Kijana mmoja wa timu yangu, mchapakazi sana, alikuwa na desturi ya kulinyoosha gogo kwa mkono huku pistoni ikija, kwa sababu alijua ana muda. Mwenzake ndiye aliyeshika leva. Siku moja gogo lilikuwa limekatwa mshazari upande mmoja, likateleza, likamkamata mkono kati ya mti na bamba la chuma. Alipoteza kidole cha shahada. Nilikuwa mita kumi kutoka hapo, na mimi ndiye niliyekuwa nimewaruhusu kufanya kazi wawili wawili hivyo ili kuharakisha.

Tangu siku hiyo nina sharti moja ambalo silipunguzi kwa bei yoyote: mashine iwe na leva mbili, na isisogee mpaka mikono yote miwili ya mwendeshaji iwe imezishika. Ukiachia hata moja, chuma kinasimama. Aliyeshika leva ndiye pekee anayegusa gogo. Mafundi wengine watakushauri uifunge leva moja kwa waya ili mkono ubaki huru. Kataa. Na mwambie kila anayekata magogo kwa msumeno akate ncha zikae sawa, maana ncha ya mshazari ndiyo inayorusha gogo.

Dawa ya upole wa mashine si kuongeza tani. Ni pampu ya hatua mbili. Pampu hii hutoa mafuta mengi wakati pistoni inatembea bure, tuseme lita 60 kwa dakika, kisha ikikutana na ugumu inashuka yenyewe hadi lita 20 zenye presha kubwa. Mota ni ileile ya kilowati 7.5. Tulipobadilisha, safari ya kwenda na kurudi ilishuka hadi nusu dakika hivi. Ongeza kizuizi cha kurudi, yaani chuma kidogo kinachoiambia pistoni isirudi nyuma kuliko inavyohitajika kwa urefu wa gogo lako, na utaokoa sekunde nyingine.

Kuhusu kabari ya njia nne, ile inayotoa vipande vinne kwa pigo moja: ni nzuri kwa magogo yaliyonyooka ya unene wa kati. Inataka nguvu nyingi zaidi, na kwenye kifundo inakwama vibaya. Nunua inayovulika.

Usisahau uzito. Gogo la mkaratusi mbichi la mita 1 lenye kipenyo cha sentimita 30 lina karibu kilo 70. Likiwa na sentimita 50, linakaribia kilo 200. Nani atalinyanyua hadi kwenye meza ya mashine mara mia kwa siku? Kuna mashine yenye mkono wa kunyanyulia unaoendeshwa na silinda ndogo ya pili; bei yake inaongezeka, lakini migongo ya watu haina spea. Kama huwezi, weka mashine chini ya kijimteremko ili magogo yabingirike yenyewe hadi mezani. Zile mashine za kusimama wima, ambazo gogo hukaa chini na kabari hushuka kutoka juu, zinafaa vipande vifupi vya shule na mikahawa. Kwa kuni za mita 1, zile ndogo hazifai.

Chanzo cha nguvu kinategemea ulipo. Penye umeme wa fezi tatu, chukua mota. Penye trekta, mashine inayofungwa kwenye shafti ya nyuma inakufuata hadi shambani. Umeme wa nyumbani wa fezi moja na mota ya kilowati 2.2 unaweza kusukuma lita 6 na kitu tu kwa presha kamili. Hiyo ni kuni za jikoni.

Mashine za mafundi wa jua kali sizidharau. Mbili kati ya zile tunazotumia zilichomelewa hapa hapa, na zikiharibika fundi anakuja kwa pikipiki. Ila silinda zao mara nyingi zimetoka kwenye mitambo mikuukuu ya kuchimba barabara. Itoe pistoni yote nje, pitisha ukucha juu ya fimbo yake inayong'aa. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, sili mpya, yaani pete za kuzuia mafuta yasivuje, zitakatika upesi na mafuta yatavuja daima. Tazama boriti ya chini kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho wakati mashine inakaza. Ikipinda ukaona, iache. Uliza iko wapi vali ya kupunguza presha, na geji. Bila vali hiyo, kitu kitakachoachia ni mpira.

Na mpira ukivuja, usiutafute uvujaji kwa kidole. Mafuta ya presha hiyo yanapenya ngozi kama sindano. Tumia kipande cha kartoni. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama kidonda ni kitundu kidogo kisicho na damu, kwa sababu madhara yako ndani.

Siku ya kununua, pakia magogo yako mwenyewe kwenye pikapu: moja bichi la kawaida, moja lililokaa, na moja lenye panda mbaya kuliko yote yadini kwako. Hesabu sekunde kwa simu. Kisha omba mashine ifanye kazi nusu saa bila kupumzika, uweke kiganja ubavuni mwa tangi la mafuta. Tangi la pampu ya lita 20 linapaswa kubeba lita 40 hadi 60. Likiwa dogo, mafuta yanachemka, yanakuwa mepesi, na nguvu inapotea mchana wakati kazi imekolea. Ukiweza kukiacha kiganja hapo, endeleeni na mazungumzo ya bei. Ukilazimika kukiondoa mara moja, rudisha magogo yako kwenye pikapu.