Ukishuka Kalya, anza na saa

Mkuu, umeuliza uanzie wapi ukifika Kalya, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kufuatilia taarifa ya mtoto aliyebakwa. Anza na saa, fomu baadaye. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72 tangu abakwe, na upepo wa ziwani unaweza kuchelewesha boti siku nzima. Kwa hiyo kabla hujaondoka Kigoma mjini, piga simu apelekwe kituo cha afya. Matibabu yasisubiri PF3, ile fomu ya polisi. Kijijini ripoti kwa mtendaji, ila jina la mtoto lisitajwe mbele za watu: ndugu wakiwahi, humalizana kwa pesa au mbuzi, na mashahidi wanatoweka. Mtoto ahojiwe mara moja, faraghani, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi akiwepo. Andika maneno yake vilevile alivyoyasema. Mlezi mwachie namba 116, simu ya msaada kwa watoto, haikati salio.