Natembea kila siku, mbona kilo hazishuki?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46, naishi Muheza. Tangu Januari natembea nusu saa kila asubuhi. Presha imetoka 148/94 hadi 136/86 bila dawa, lakini uzito uko palepale, kilo 87. Jirani anasema najichosha bure, ninywe chai ya kukata kitambi. Niache mazoezi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Habari kubwa umeipitia juujuu. Presha kushuka hivyo bila kidonge ni jambo la kushangilia, wewe unalilia mizani!

Nakutana na hili kliniki kila mara: kilo zisiposhuka, mtu anaweka raba uvunguni. Kutembea nusu saa hakuchomi hata chapati moja ya mafuta. Kilo hupungua zaidi jikoni. Ila msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kwa mtu ambaye insulini yake, homoni inayoshusha sukari, imezembea, na huendelea hivyo saa nyingi baada ya mazoezi. Mizani haipimi hayo.

Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Dk. Jeremy Morris, na wenzake walionyesha kuwa makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa tu. Baadaye wakachunguza saizi za suruali za sare zao. Hata kondakta mwenye kiuno kinene alikuwa na nafuu kuliko dereva wa kiuno kama chake.

Sisemi unene hauna neno. Chukua futikamba ya fundi cherehani upime kiuno. Mwanamke akizidi sentimita 80, hatari ya kisukari huanza kupanda. Punguza wanga na sukari, endelea kutembea.

Sasa hiyo chai. Nyingi ya chai hizi zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kilo mbili "zilizokatika" ni maji na choo, kitambi kipo vilevile. Pamoja na maji inatoka potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, na aliye kwenye vidonge vya presha vya kukojosha anaipoteza huku na huku. Wanaojifunga nailoni tumboni nao wanatoa jasho tu, wakinywa maji limerudi. Muuzaji hakuulizi unatumia dawa gani, wala figo zako zikoje. Anauliza utalipa kwa simu au taslimu. Aliyekwisha kuinywa akaona moyo unakwenda mbio au miguu inakaza misuli, aache leo, aende hospitali na pakiti yake mkononi.